Moldova: kura moja iliyokosekana

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Uliwahi kusema umeishi Moldova. Nikisoma habari za nchi hiyo kutaka kuingia Umoja wa Ulaya, nakuta polisi waliopiga vijana mwaka 2009 wanatajwa tena. Mambo hayo yanahusianaje? Na kwa nini sheria zao zilikwama miaka ile? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Mwaka huo nilikuwa mwanafunzi Chișinău, mji mkuu, nimepanga chumba kwa bibi mmoja mstaafu.

Uchaguzi ulifanyika Aprili 5. Wakomunisti, waliokuwa madarakani, walitangazwa kupata viti 60 vya bunge kati ya 101, na tarehe 7 vijana wakavamia bunge na ofisi ya rais wakidai kura zimeibwa. Kesho yake bibi alirudi kutoka sokoni na karatasi ya bunge aliyoiokota njiani, imeungua pembe. Aliinyoosha mezani kwa kiganja, taratibu, kisha akaitia ndani ya kitabu chake cha sala. Alilia jengo siku hiyo. Baadaye akaanza kulilia watoto wa watu.

Maana usiku wa tarehe 7 mamia walikamatwa. Valeriu Boboc, kijana wa miaka 23, alifariki. Serikali ikasema ni moshi, familia ikaonyesha majeraha mwilini. Wengine walipigwa vituoni, na baadhi ya mahakimu wakasikiliza mashauri humo humo vituoni. Hebu fikiria: umepigwa chumba hiki, hakimu anakungoja chumba cha pili, na aliyekupiga amesimama mlangoni. Utamlalamikia nani? Hilo liliniuma na linaniuma hadi leo.

Ulaya inaingilia hapo. Moldova ni mwanachama wa Baraza la Ulaya tangu 1995 (usilichanganye na Umoja wa Ulaya; hili ni jumuiya ya nchi inayolinda haki za binadamu), kwa hiyo raia wake akikosa haki nyumbani anaweza kushtaki Strasbourg, Ufaransa, kwenye Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 2011 mahakama ya huko, katika kesi ya Taraburca, iliona kwamba kijana aliyekamatwa Aprili ile aliteswa mikononi mwa polisi na uchunguzi haukufanywa inavyopasa. Na anayebisha hodi Umoja wa Ulaya huulizwa kwanza habari za mahakama na polisi wake. Kwa hiyo mbunge wa Moldova akitaja Ulaya na virungu kwa pumzi moja, hajatoka nje ya mada.

Sasa kukwama. Katiba ilitaka rais achaguliwe na wabunge wasiopungua 61. Wakomunisti walikuwa na 60! Walijaribu Mei 20, wakajaribu Juni 3; wapinzani wakagoma. Jikoni kwetu redio haikuzimwa, watu wakiitaja ile kura moja “kura ya dhahabu”. Haikupatikana, bunge likavunjwa. Katika uchaguzi wa Julai 29 vyama vinne vilivyokuja kuunda Muungano wa kuiunganisha nchi na Ulaya vilipata viti 53, navyo 61 havikufika. Uchaguzi ukarudiwa tena Novemba 2010. Rais, Nicolae Timofti, alipatikana Machi 16, 2012, kwa kura 62.

Bunge lililo kwenye kampeni kila mara litamaliza mswada gani? Marekebisho ya sheria yaliyofanya adhabu ya anayetesa watu kuwa nzito yalipita mwishoni mwa 2012, miaka mitatu na nusu baada ya Boboc kuzikwa.