Epoksi kubanduka kwenye bampa: tatizo ni plastiki, si gundi

Mkuu uliyeuliza kwa nini epoksi imebanduka wiki mbili tu baada ya kuziba ufa wa bampa: kabla hujailaumu gundi, geuza kile kipande kilichotoka uangalie mgongo wake. Kama ni kisafi, kimenakili mpaka mikwaruzo ya msasa lakini hakina chembe ya plastiki, gundi ilikauka vizuri ila haikushika.

Soma maandishi ya ndani ya bampa. Mara nyingi utakuta >PP+EPDM-T20<: polipropilini, mpira wa kuipa unyumbufu, na unga wa talki asilimia 20. Gundi yoyote lazima kwanza itandae ndipo ishike, na PP haina cha kuivuta. Dondoshea maji, yatajikusanya kama kwenye jani la mgomba. Msasa unaongeza mikwaruzo tu, hali ya uso inabaki ileile. Asetoni nayo haiilainishi PP. Hiyo ni dawa ya ABS, plastiki ya aina nyingine.

Osha kwa sabuni na ufute kwa spiriti KABLA ya msasa, la sivyo silikoni ya kung'arishia inasukumwa ndani ya mikwaruzo. Toboa tundu la milimita 3 mwisho wa ufa usiendelee kukimbia, kisha chonga mfereji wa V na upige msasa namba 80 taratibu. Ukienda kasi PP inayeyuka na kutoa nywelenywele.

Sasa badilisha uso. Spiriti ikishakauka kabisa (vinginevyo unawasha moto), pitisha ncha ya mwali wa bluu wa tochi ya gesi haraka, bila kusimama. Plastiki iking'aa umezidisha. Jaribu tena maji: yakitandaa, moto umefanya kazi. Kausha, paka gundi hapohapo, maana nguvu hiyo hupungua kadiri muda unavyopita. Huna tochi? Tumia praima ya plastiki inayotaja PP kwenye kopo, tabaka moja jembamba. Ikiwa nene, yenyewe ndiyo itakayochanika.

Chagua poliyurethini ya sehemu mbili, inapinda pamoja na bampa. Epoksi ngumu huanza kuachia pembeni. Bandika wavu wa faiba upande wa ndani. Usizidishe hadina (ile sehemu ya kukaushia gundi) ukidhani itawahi kukauka, inayobaki bila mwenzake inaidhoofisha gundi.

Kwa ufa mrefu au sikio la bolti lililokatika, mimi ningechomelea kwa kijiti cha PP.

Na popote PP ilipobaki wazi, piga praima hiyohiyo kabla ya rangi.