Cherehani, friji ya mafuta ya taa na kabati la mninga: mafundi wanajibu

Barua nyingi za safari hii zinahusu mali za mirathi, vitu vilivyofungiwa stoo miaka na miaka mpaka siku dalali alipoitwa. Mnadani kitu huuzwa kama kilivyo: hakichomekwi umeme, hakiwashwi, na nyundo ikishagonga hakirudi. Ndiyo maana tumekazania yale ambayo mnunuzi anaweza kuyajua kwa macho, pua na vidole.

SWALI: Nimenunua cherehani ya Singer ya miguu, nyeusi yenye nakshi za dhahabu. Gurudumu halizunguki hata kidogo. Fundi wa mtaani anasema imekufa na anataka kuinunua kwa bei ya chuma chakavu. Ni kweli? (Mama Z., Tanga)

JIBU: Usimuuzie, mama. Cherehani hizi zikikaa hazifi, zinaganda. Mafuta yaliyotiwa zamani hukauka yakawa kama gundi, na kama mwenyewe alikuwa akitia mafuta ya kupikia, hali huwa mbaya zaidi.

Anza kwa kutoa boksi ya bobini na kuangalia kama kuna uzi uliojisokota humo ndani. Uzi mmoja tu unatosha kukaza mashine nzima. Kama hakuna, dondosha mafuta ya taa matone mawili matatu katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, juu na chini. Ilaze usiku kucha. Asubuhi tikisa gurudumu kwa mkono, mbele na nyuma, na usilishike kwa koleo. Likianza kulegea, rudia mpaka mafuta yanayotoka yawe safi, futa, kisha tia mafuta ya cherehani siku hiyohiyo. Mafuta ya taa huacha chuma kikavu, na kwa hewa ya chumvi ya Tanga kutu haitachelewa.

Rangi nyeusi usiifute kwa spiriti. Juu ya nakshi kuna tabaka la sheleki, yaani vanishi ya zamani, na spiriti huyeyusha sheleki, kwa hiyo dhahabu yote itaondoka na kitambaa. Tumia kitambaa laini chenye mafuta ya cherehani.

Gurudumu likizunguka lakini sindano haiendi, kosa liko kwenye skrubu kubwa ya katikati, ile inayolegezwa wakati wa kujaza bobini. Nyuma yake kuna washa yenye masikio matatu. Aliyeifungua mara ya mwisho huenda aliirudisha kinyume. Itoe, izungushe nusu duara, ifunge tena. Kuna cherehani nzima nyingi zimeuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu ya washa hii.

Mkanda ni wa ngozi, unene wa kama milimita 5 na urefu wa kama sentimita 183. Kata kidogo kidogo, maana ukikaza mno pedali itakuwa nzito. Na kabla ya kufunga sindano, tafuta upande wenye mfereji mrefu: uzi huingilia upande huo. Ukiigeuza, mashine itaruka mishono hata kama kila kitu kingine ni kizima.

Tazama pia kibati cha namba. Kikisema 15K, mashine yako ilitoka kiwanda cha Kilbowie kule Clydebank, Uskoti, kilichofungwa mwaka 1980, na hapo una bahati: cherehani za Butterfly ziliiga muundo wa 15, kwa hiyo bobini na boksi ya bobini za Butterfly zinaingia. Zile kongwe zaidi, zenye shato (kibebeo cha bobini) ndefu kama risasi, ni habari nyingine. Shato ikiwa haipo, shusha bei sana au iache.

SWALI: Kwenye mali za marehemu mzee mmoja kuna friji ya Electrolux ya mafuta ya taa. Mnada ni wiki ijayo. Niangalie nini? (J.K., Nakuru)

JIBU: Anza na pua. Friji hii haina kompresa. Moto huchemsha amonia iliyo kwenye maji, na amonia huzunguka pamoja na haidrojeni ndani ya mabomba yaliyochomelewa na kufungwa moja kwa moja. Ubunifu wenyewe ni wa wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922. Inama nyuma. Ukisikia harufu kali ya amonia au ukiona madoa ya njano kwenye mabomba, ondoka. Gesi imetoka, na hayo ya njano ni dawa ya kuzuia kutu, nayo ni sumu. Asikudanganye mtu kwamba ataichomelea, maana haidrojeni ikiwa bado imo, itawaka.

Mabomba yakiwa safi, matatizo yanayobaki ni madogo. Friji iliyosimama upande haigandishi, kwa hiyo weka pimamaji ndani ya friza, kwa urefu na kwa upana. Safisha bomba la moshi, na hakikisha kile chuma kilichosokotwa ndani yake kipo. Kisipokuwepo, joto hupanda na kupotea. Kata utambi uwe sawa, moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano unatoa masizi, na masizi huziba joto. Iache nafasi ya sentimita 10 kutoka ukutani, na usiiwashe katika chumba cha kulala kilichofungwa.

Usiihukumu kabla ya saa 24. Ikiwa chini kuna moto lakini juu hakuna baridi, toa tangi la mafuta, igeuze kichwa chini kwa saa kadhaa, isimamishe, ipumzike siku nzima, kisha washa. Maji yaliyojitenga hurudi mahali pake, na mara nyingi hilo tu linatosha.

SWALI: Redio ya mbao ya Philips, ya valvu. Naweza kuichomeka nione kama inaongea? (Kijana wa Moshi)

JIBU: Hapana. Kapasita zake kubwa, vile vikopo vinavyotunza chaji ya umeme, zimekaa miaka bila umeme. Ukiichomeka ghafla zinapitisha mkondo mkubwa na kuunguza valvu ya rektifaya au transfoma, na transfoma ndiyo sehemu ngumu kuliko zote kuipata.

Soma kwanza majina ya valvu. Yakianza na U, kama UCH81 au UL84, redio nyingi za namna hiyo hazina transfoma ya umeme. Chesisi, ile fremu ya chuma ya ndani, imeunganishwa na waya mmoja wa ukutani, na plagi ikigeuka chesisi yote inakuwa na umeme. Hata skrubu ya kitufe inaweza kuua. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpe fundi.

Badilisha waya wa umeme ikiwa mpira wake unamomonyoka. Weka kichaguzi cha volti kwenye 220 au 240. Badilisha kapasita za kuchuja, ambazo mara nyingi ni mbili za mikrofaradi 50, za volti 350 au zaidi, na uangalie chanya na hasi. Halafu ile ndogo ya mikrofaradi 0.01 inayoingia kwenye gridi ya valvu ya sauti, weka ya volti 630. Ikivuja, valvu ya sauti hupata joto kupita kiasi na kufa.

Sasa unganisha taa ya nyuzi ya wati 60 mfululizo na redio, siyo ya LED. Taa ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia, endelea. Ikibaki na nguvu, zima, kuna shoti. Na ukishazima, usiguse ndani mpaka utoe chaji ya kapasita kwa rizista ya kilo-om 10. Bisibisi si kifaa cha kazi hiyo.

SWALI: Kabati la mninga lina matundu madogo na unga chini yake. Dalali anasema nipake mafuta ya taa. (Dada R., Morogoro)

JIBU: Huyo ni bungua, siyo mchwa. Mchwa huacha udongo. Bungua huacha tundu la duara la milimita moja au mbili na vumbi laini kama unga wa sembe. Anakula sehemu nyeupe iliyokuwa karibu na gome, kiini chekundu cha mninga hakimtamanishi. Kwa hiyo tazama pembe na migongo ya droo. Weupe ukiwa kwenye pambo tu, nunua. Ukiwa kwenye miguu inayobeba uzito, bonyeza kwa kisu: kikizama, acha.

Tundu lenye ukingo mweusi ni la zamani. Tandika karatasi nyeusi chini kwa wiki tatu. Vumbi jipya likidondoka, yuko hai. Mafuta ya taa hayamfikii ndani, yanaacha madoa na yanawaka. Yeyusha boraksi gramu 100 kwa lita ya maji ya moto, paka mara mbili kwenye mbao tupu, yaani mgongoni na ndani. Juu ya vanishi haiingii.

Uso wa kabati usiuvamie na msasa. Ukiwa ni vinia, yaani ubao mwembamba uliobandikwa juu, unene wake ni chini ya milimita moja. Vinia iliyoinuka juu ya gundi ya zamani ya wanyama hurudi kwa kitambaa kibichi na pasi ya joto la wastani, kisha uzito juu yake mpaka ipoe. Viungo vilivyolegea usivipigilie misumari. Lainisha gundi ya zamani kwa siki ya moto, ikwangue, weka gundi ya mbao, funga kwa kamba iliyosokotwa na kijiti kwa saa 24.

SWALI: Niko Ohio, Marekani. Huku nyumba za marehemu huuzwa vyombo vyote. Nitume nyumbani mashine ya kukandia unga ya KitchenAid na kicheza santuri? (B.M.)

JIBU: Mashine, ndiyo. Mota yake haijali mzunguko wa umeme, inahitaji tu transfoma ya kushusha 230 hadi 120, ya wati 500 za kweli. Kicheza santuri cha mota ya kawaida ya umeme, hapana. Transfoma haibadilishi hezi 60 kuwa 50, kwa hiyo santuri ya mizunguko 33⅓ itazunguka chini ya 28, na kila mwimbaji atakuwa na sauti ya besi.

SWALI: Nina friji kuukuu ya kitasa cha chuma, nataka iwe kabati la vyombo. (Mombasa)

JIBU: Ondoa kitasa kwanza, kabla hata ya kuiingiza uani. Hufunguka kwa nje tu, na mtoto akijifungia humo hasikiki. Marekani ilipitisha sheria ya milango inayofunguka kwa ndani mwaka 1956 kwa sababu hiyo. Weka sumaku mbili badala yake, na gesi itolewe na fundi wa friji, usikate bomba kwa msumeno.