Mjane wa rafiki yake anapiga simu, nami namwambia amelala

*Shangazi, shikamoo. Mume wangu alirudi kutoka vitani miezi saba iliyopita. Gari lao lilikanyaga bomu la ardhini. Yeye alikatwa mguu wa kushoto, chini ya goti. Rafiki yake waliyekuwa pamoja tangu mafunzo alifia palepale. Kila anayekuja kunipa pole ananiambia nishukuru, maana wangu amerudi. Nashukuru. Lakini usiku anapiga kelele, na mwezi uliopita nilipomtikisa aamke alinikaba koo. Alipozinduka alilia kuliko mimi. Analalamika vidole vya mguu usiokuwepo vinamuuma. Mguu wa bandia uko uvunguni mwa kitanda. Anakunywa pombe juu ya dawa za maumivu, anazima taa mchana, anasahau hata nilichomwambia asubuhi, na watoto wamejifunza kutembea kwa kunyata. Siku moja alisema heri angebaki kulekule. Kila kitu namfanyia mimi, hata kumvalisha soksi.*

*Kuna jambo sijamwambia mtu. Mjane wa yule rafiki yake anapiga simu kila wiki. Anataka kumsikia mtu aliyekuwa na mumewe saa za mwisho. Kila mara namwambia amelala. Naogopa wakizungumza atavunjika kabisa. Je, nafanya vibaya?*

*Mke wa askari*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Swali la simu nitalijibu, tena kwa urefu, kwa sababu naona ndilo lililobeba mengine yote. Ila kuna mambo mawili ambayo hayawezi kungoja wiki hii iishe.

La kwanza ni kauli ile ya heri angebaki kulekule. Usiipitishe kama maneno ya mtu aliyechoka. Tafuta saa ambayo hajanywa, kaa karibu naye, umuulize waziwazi: "Unafikiria kujiua?" Najua ulimi utakuwa mzito. Wengi hudhani ukimuuliza mtu hivyo utakuwa umempa wazo. Wazo kama lipo, lilikuwepo kabla yako, na aliyelibeba peke yake kwa miezi mara nyingi hupumua anapoona kuna mtu amethubutu kulitaja. Akijibu ndiyo, au akinyamaza kwa namna ambayo wewe mkewe unaijua maana yake, usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Na kama kuna silaha ndani ya nyumba, itoke leo, ikakae kwa mtu mwingine. Mawazo haya yanaweza kupanda ghafla usiku mmoja na kushuka kabla ya asubuhi. Silaha ikiwa mbali, asubuhi inamkuta yupo.

La pili ni pombe juu ya dawa. Dawa kali za maumivu wanazopewa watu waliokatwa kiungo mara nyingi ni za jamii ya afyuni. Dawa hizo hupunguza kasi ya kupumua, na pombe nayo hufanya vilevile. Zikikutana, mtu anaweza kulala asiamke bila hata kukusudia. Mwambie daktari wake kwamba anakunywa. Mumeo huenda akakuona umemsaliti, vumilia hilo. Wala usimnyang'anye dawa wewe mwenyewe, kwa sababu kuziacha ghafla nako kuna mateso yake. Daktari apange.

Sasa mguu. Hasemi uongo kuhusu vile vidole. Silas Weir Mitchell, daktari aliyetibu majeruhi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), alikutana na askari waliokatwa mikono na miguu ambao bado waliihisi imekunjamana, inawaka moto, inataka kukunwa. Mwaka 1871 aliandika juu ya jambo hilo na kukiita kiungo kama hicho mzuka. Leo tunaelewa zaidi: ubongo bado una ramani ya mguu mzima, na neva zilizokatwa bado zinatuma habari. Kuna tiba ya kioo. Kioo kinasimamishwa katikati ya miguu, na mguu mzima ukitazamwa ndani yake unaonekana kama ule uliopotea umerudi. Mgonjwa anausogeza taratibu huku akiangalia. Mwaka 2007 madaktari wa hospitali ya jeshi ya Walter Reed huko Marekani walichapisha jaribio dogo, na wote waliofanya zoezi hilo mbele ya kioo kwa wiki nne walipata nafuu. Kundi lilikuwa la watu wachache, na si kila mtu humsaidia, lakini muulize mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Zaidi ya yote, mwambie mumeo kwamba wewe unamwamini. Mtu anayeumwa mahali pasipokuwepo huanza kuogopa kwamba amerukwa na akili.

Na ule mguu wa bandia, umewahi kumuuliza kama unamuumiza? Kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hubadilika umbo kwa miezi mingi baada ya upasuaji. Uvimbe unashuka, misuli inasinyaa, na lile bakuli la juu lililomkaa vizuri mwanzoni linaanza kulegea na kumchubua. Majeruhi wengi hawaambiwi hili vya kutosha. Wanauvua mguu na kujiona wameshindwa, kumbe fundi wa viungo bandia angelirekebisha bakuli, au kutengeneza jipya, na safari ikaendelea. Kabla hujaamini kwamba amekata tamaa, angalia ngozi ya kigutu.

Kusahau na kukimbia mwanga nako kunanitia shaka. Mlipuko uliotosha kumkata mguu unaweza kuwa umetikisa ubongo wake pasipo kuacha hata mkwaruzo kichwani. Kichwa kuuma, hasira za ghafla, kusahau, macho kuuma kwenye mwanga: hizo zote ni dalili za ubongo ulioumia. Je, kuna aliyempima kichwa, au macho ya wote yalikuwa kwenye mguu? Uliza hospitali kwa maneno hayohayo. Ninyi mnaweza kuwa mmegombana miezi saba juu ya tabia, na tatizo likawa ni jeraha.

Usiku, usimtikise tena. Simama mbali na mikono yake, upande wa miguuni au mlangoni, umwite kwa jina, umwambie wewe ni nani na yuko wapi, mpaka akuitikie. Aliyekukaba hakukujua; alikuwa bado kule. Na mkilala vitanda viwili kwa muda, hamjavunja ndoa. Nalisema hili kwa sababu nililelewa na baba mdogo aliyerudi kutoka vitani nikiwa binti mdogo. Alilala ameegemea ukuta, uso umeelekea mlango, na mkewe alilala chumba cha pili akajiona mke aliyekataliwa mpaka uzeeni. Hakuna aliyemwambia kwamba mumewe aliomba hivyo kwa kuogopa kumdhuru. Ninyi semezaneni. Lakini akikupiga akiwa macho, hilo ni jambo lingine kabisa: ondoka na watoto kwanza, mazungumzo yafuate. Vita haimpi mtu ruhusa hiyo.

Soksi ulizitaja kwa kupita, lakini mimi zimenikaa moyoni. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa amekimbia Ujerumani ya Wanazi, alianzisha wodi ya majeruhi wa uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza. Wakati ule watu wa namna hiyo walilazwa kungoja kufa. Yeye aliwatoa kitandani, akawapa kazi na michezo, na tarehe 29 Julai 1948 majeruhi 16 walishindana kulenga shabaha kwa upinde na mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Hapo ndipo ilipochipuka michezo ya Paralimpiki. Naamini alikuwa ameona kwamba mtu asiyetegemewa kwa lolote huanza kufa kutokea ndani. Mumeo alikuwa mtu wa zamu, mtu ambaye wenzake walilala kwa sababu yeye yuko macho, na leo anavalishwa soksi. Najua unafanya kwa upendo, na najua kumtazama akihangaika dakika kumi ni kazi ngumu kuliko kuzivalisha. Mwache ahangaike. Mpe na jambo moja la nyumba liwe lake, ambalo asipolifanya halifanyiki. Mpe masomo ya watoto ya jioni, au hesabu za matumizi, au chakula cha mchana.

Watoto waambie ukweli kwa kipimo chao. "Baba ameumia mguu, na ameumia pia mahali pasipoonekana. Halijatokea kwa sababu yenu." Mtoto anayenyata ameshajipa maelezo yake mwenyewe, na mara nyingi ndani ya maelezo hayo yeye ndiye mwenye kosa.

Jeraha hilo lisiloonekana lilichukua muda mrefu kupewa heshima ya kuitwa jeraha. Mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika kuhusu askari wa Vita Kuu ya Kwanza waliotetemeka, wakapoteza kumbukumbu, wakapoteza hata uwezo wa kunusa na kuonja, na macho yao yakaona kwa shida, wakati miili yao haikuwa na tundu la risasi. Katika vita hiyohiyo jeshi la Uingereza liliwaua kwa risasi askari wake 306 kwa makosa kama utoro na woga, na msamaha wao rasmi ulikuja mwaka 2006. Baadhi yao leo tungewapeleka kwa daktari. Ilifika mwaka 1980 ndipo madaktari wa akili wa Marekani walipouingiza ugonjwa wa kiwewe kwenye kitabu chao cha magonjwa. Kwa hiyo akikuambia mwanaume haendi kwa daktari wa akili, mwambie hiyo ni tiba ya jeraha, kama kusafisha kigutu. Zipo tiba za mazungumzo zilizopimwa, ambazo mgonjwa anapitishwa taratibu na mtaalamu katika kumbukumbu yenyewe mpaka ipungue nguvu. Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza mwaka 2013. Kuna wengi waliorudishiwa usingizi wao kwa njia hiyo.

Nimekuja kwenye simu.

Jonathan Shay, daktari wa akili aliyewahudumia askari waliopigana Vietnam, aliona kwamba hofu haikuwa mzigo pekee waliorudi nao. Wengine waliumia dhamiri. Mtu anabaki na jambo alilolifanya, au aliloshindwa kulizuia, na analihukumu kila usiku bila wakili. Mumeo anajiuliza kwa nini bomu lilichukua mguu wake na uhai wa mwenzake. Huenda walibadilishana viti asubuhi ile. Huenda yeye ndiye aliyechagua njia. Huenda hakuna lolote, na bado anajiona mwizi aliyerudi nyumbani na miaka ya mtu mwingine. Kisha kila mgeni anaingia akisema ashukuru yuko hai. Unaona neno hilo linavyomchoma? Na wewe pia linakunyima haki ya kulia. Mguu umekwenda, utani wake umekwenda, usingizi wako umekwenda. Lia, mwanangu. Atakayekuambia huna shukrani hajakaa nyumbani kwako usiku.

Umeuliza kama unafanya vibaya. Ulianza kwa kulinda. Lakini sasa unaamua kwa niaba ya watu wazima wawili ambao wanaomboleza mtu mmoja, na wewe umekaa katikati yao kama ukuta. Siku akigundua, na atagundua, atasoma jambo moja tu: kwamba hata mke wangu ananiona siwezi kubeba neno. Naye yule dada, kila anaposikia "amelala", pengine anajiambia kwamba mumewe alikufa kwa namna ambayo hakuna anayethubutu kuieleza.

Usimpe simu kwa kumshtukiza. Kama jibu la swali lile la kwanza lilikuwa ndiyo, tiba itangulie na mazungumzo yasubiri. Kama sivyo, chagua mchana, hajanywa, umwambie: "Amekuwa akipiga. Mimi nimekuficha kwa sababu niliogopa. Nisamehe." Halafu nyamaza. Anaweza kukasirika, anaweza kutoka nje. Baadaye mpe nafasi achague mwenyewe namna: kwa simu, kwa barua, kwa sauti aliyoirekodi, au ana kwa ana, mtaalamu wake au mwenzake wa kikosi akiwa karibu. Halazimiki kusimulia kila kitu. Mara nyingi mjane hutaka kujua mambo machache: kama aliteseka muda mrefu, kama alikuwa peke yake, kama alimtaja mtu. Mumeo ndiye mtu pekee duniani mwenye majibu hayo, na ninadhani kuyatoa kutakuwa jambo la kwanza tangu arudi ambalo hakuna mwingine anayeweza kumfanyia.

Kama simu italia kabla hujazungumza naye, usiseme amelala. Sema: "Dada, nimekuwa nikikudanganya kwa hofu. Ameumia kuliko nilivyokueleza. Nitamwambia umepiga, na yeye ndiye atakayesema ni lini." Kisha, kabla hajakata, muulize yeye analalaje.