Ndege ya namba N (usajili wa Marekani) iko uwanja wa Wilson, Nairobi, ukaguzi wa mwaka unaisha
Mkuu, kama hiyo Cessna yako ni ya usajili wa Marekani, fundi mwenye leseni ya KCAA (mamlaka ya anga ya Kenya) peke yake, hata awe mkali vipi, sahihi yake haitoshi, FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) wanataka A&P (fundi wao wa fremu na injini) mwenye IA (idhini yao ya ukaguzi) au karakana ya nje ya Marekani waliyoipa cheti wenyewe. Anza kuulizia fundi wa hivyo kwenye mahanga leo leo, na kabla hujatoa hela mwambie akuonyeshe kadi ya IA. Una mpaka siku ya mwisho ya mwezi ambao ukaguzi unaisha, ikipita hairuki bila kibali maalumu cha FAA na Kenya nao wakubali, usumbufu mtupu. Transponda (kifaa kinachojibu rada) nayo icheki, hiyo ni kila miezi 24, watu wanaisahau sana. Na logibuku (vitabu vya kumbukumbu za matengenezo) zote ziwepo, fundi atazidai kwanza.