Acropora haitoi polipu mchana: tazama nini kwanza

Ndugu, unasema Acropora uliyonunua majuzi, lile tumbawe gumu la matawi kwenye tangi lako la maji ya bahari, imefunga polipu (vile viumbe vidogo vyenye minyiri vinavyounda tumbawe) mchana kutwa wakati ya mwenzako imejaa manyoya, na sasa unataka kuongeza chakula na amino asidi. Subiri kidogo, usimwage kitu. Usiku taa zikizimwa, kaa kama saa nzima kisha mulika kwa tochi yenye mwanga mwekundu. Baharini matumbawe magumu mengi hujifunga mchana na kunyoosha minyiri gizani, kwa sababu ndipo planktoni, viumbe wadogo wanaoelea majini, wanapopanda kutoka kilindini, na samaki wanaodonoa mchana wamelala. Mchana mwani ulio ndani ya nyama ya tumbawe hulilisha kwa mwanga. Likifunguka usiku, huna ugonjwa hapo.

Mimi huangalia badiliko, siyo urefu wa polipu, maana kila aina ina desturi yake. Montipora nyingi, nazo ni matumbawe magumu, huonyesha vidoa vidogo tu hata zikiwa na afya tele. Sarcophyton, tumbawe laini, hujifunga siku kadhaa, ngozi ikang'aa, kisha huvua utando na kufunguka upya; inasikitisha kwamba wengi huitupa wakati huo. Lakini Goniopora, tumbawe ambalo kwa kawaida hutoa polipu warefu mchana, ikijikunja mchana kutwa, hapo nashtuka.

Tumbawe lililozoea kufunguka likifunga ghafla, anza na samaki. Kwangu alikuwa kitatange mdogo: alidonoa mara chache tu kwa siku, na nilipomhamisha polipu walirudi. Kaa mbali na kioo unapochunguza, kwani samaki wakikuona wanakuja kuomba chakula na kuacha udokozi wao. Halafu geuza tawi utazame chini yake. Minyoo bapa wanaokula Acropora huacha alama za mviringo zilizopauka, na mayai ya kahawia kwenye sehemu iliyokufa.

Kwenye maji, kinachoumiza zaidi ni kuyumba. Alkalini, yaani uwezo wa maji kuzuia tindikali, ya bahari ni kama 7 kwa kipimo cha dKH na wengi wetu tunafuga kwenye 8 au 9. Zote zinafaa, ila ikiruka kutoka 7 hadi 9 kwa siku moja, Acropora itajifunga. Kipimo kimoja hakionyeshi hilo, kwa hiyo pima kila siku, saa ileile, kwa wiki nzima. Chumvi iwe 35 kwa elfu, na kifaa chako cha kupimia chumvi ukisahihishe kwa maji maalumu ya 35, siyo maji matupu. Tazama na pampu: kama polipu wamefunga upande mmoja tu, ule unaopigwa na mkondo moja kwa moja, igeuze.

Wala polipu warefu si cheti cha afya. Nimeona Acropora iliyofunguka vizuri huku nyama ikichunika kuanzia kwenye shina. Galaxea, tumbawe jingine gumu, nayo hurefusha minyiri usiku ili kuwachoma majirani, hivyo iachie nafasi ya kutosha.

Niandikie una samaki gani, na vipimo vya alkalini vya wiki hiyo, pamoja na picha ya shina.