Viputo kwenye sampu ya maji chumvi: maswali yenu

Swali (Uyole, Mbeya): Wataalamu, habari za kazi. Nina akwariamu ya maji chumvi ya lita 300 sebuleni, na sampu (tangi dogo la kuchujia maji yanayoshuka, kabla pampu haijayarudisha juu) iko kabatini chini yake. Bomba moja la inchi moja ndilo linaloshusha maji. Linanguruma kama choo kilichovutwa, na viputo vinarudi mpaka juu kwa samaki. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye pampu, bomba litafuata. Bomba la inchi moja linaloshusha maji na hewa kwa pamoja hutulia likipewa lita 1,000 hivi kwa saa. Ukizidisha, linajaa, linafyonza, linaachia, kisha linajaa tena. Huo ndio mngurumo unaousikia, na kila linapofyonza linateremka na hewa.

Namba iliyoandikwa kwenye boksi la pampu isikudanganye, maana ilipimwa bila kupandisha maji juu. Kinga ndoo ya lita 10 kwenye bomba la kurudisha maji, ushike saa: ikijaa kwa sekunde 36, unapata lita 1,000 kwa saa, ikijaa kwa sekunde 24, ni 1,500. Kwa tangi lako, lita 900 hadi 1,000 zinatosha kabisa. Watu wengi hununua pampu kubwa kuliko bomba lao, halafu wanahangaika na viputo mwaka mzima.

Ukishapunguza, funga tii juu ya bomba la kushushia, mdomo wake uelekezwe chini kwa elbo, na juu uweke kifuniko chenye tundu la milimita 3. Kama bado linafyonza, ongeza tundu kidogo kidogo. Upande wa sampu, ncha ya bomba izame sentimita 2 au 3 tu. Ukiizamisha sentimita 15, hewa iliyo ndani inakosa pa kutokea, inatoka kwa vishindo, na maji ya juu yanapanda.

Swali (Iringa mjini): Nimeshauriwa nitumie mabomba mawili na geti valvu (valvu inayofungwa taratibu kwa kuzungusha gurudumu). Yanafungwaje, na je, ni salama umeme ukikatika?

Jibu: Ushauri mzuri, na kwa tangi linalozidi lita 300 ndio tunaoupendelea. Bomba la kwanza linajaa maji matupu bila hewa, kwa hiyo halipigi kelele wala halileti viputo. La pili ni la dharura. Mdomo wake unakaa juu zaidi na *halifungwi valvu kamwe*.

Mdomo wa bomba la kwanza uwe sentimita 10 au zaidi chini ya usawa wa maji kwenye boksi la kumwagia (kisanduku cha tangi la juu ambamo maji humwagikia kabla ya kushuka), vinginevyo maji yatazunguka na kuvuta hewa. Valvu iwe chini, karibu na sampu, mkono unapofika. Washa pampu valvu ikiwa wazi yote, kisha ifunge taratibu. Kila ukiigusa subiri dakika chache, kwa sababu maji hayatulii papo hapo. Unatafuta usawa unaosimama karibu na mdomo wa bomba la dharura. Wengine hulitaka bomba hilo liwe kavu kabisa; sisi tunaacha uzi mwembamba wa maji upite humo. Valvu haishiki kipimo kilekile wiki nzima, na huo uzi ndio unaomeza tofauti.

Kabla ya kuliamini, funga valvu yote pampu ikiwa inafanya kazi. Bomba la dharura likishindwa kubeba maji yote, pampu ni kubwa mno. Umeme ukikatika, maji ya juu yatashuka mpaka usawa wa kumwagia, kwa hiyo jaribu kuzima pampu mwenyewe uone kama sampu ina nafasi ya kuyapokea. Umeme ukirudi, bomba la kwanza litatoa hewa na kujaa lenyewe, mradi ncha yake ya chini haijazama sana.

Jambo moja muhimu: geti valvu nyingi kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, Iringa mjini hata Mwanjelwa, ni za shaba. Usiifunge kwenye maji chumvi. Chumvi inaila, madini ya shaba yanaingia majini, na matumbawe, kamba na konokono wanakufa. Ukikosa ya plastiki, tumia koki ya PVC. Ni ngumu kuirekebisha kwa usahihi, lakini haiui.

Swali (Mbeya mjini): Fundi anadai bomba la kufyonza, yaani lile linalojaa maji matupu bila hewa, halifanyi kazi vizuri huku milimani kwa sababu hewa ni nyepesi. Kweli?

Jibu: Hapana. Kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, mgandamizo wa hewa bado unatosha kuhimili safu ya maji ya mita 8 na zaidi. Bomba lako halifiki mita 2. Tatizo halisi la mwinuko ni oksijeni: maji ya huku hubeba karibu moja ya tano pungufu kuliko ya pwani. Kwa hiyo ondoa viputo, ila uso wa maji ya tangi la juu uendelee kutikisika.

Swali (Mafinga): Sampu yangu ina upana wa sentimita 30 na vioo vitatu vya kuzuia viputo, vimeachana sentimita 3. Pampu inatoa lita 2,000 kwa saa. Viputo vinapita tu!

Jibu: Vioo vimebanana mno. Lita 2,000 kwa saa ni karibu sentimita za ujazo 556 kwa sekunde. Zikipita kwenye nafasi ya 3 kwa 30, maji yanashuka sentimita 6 kila sekunde. Kiputo cha nusu milimita hupanda sentimita 5 hivi kwa sekunde, basi lazima kishushwe na mkondo. Panua chumba ambamo maji yanashuka kifike sentimita 10, mwendo utakuwa chini ya sentimita 2, na kiputo hicho kitapata muda wa kupanda. Chini ya kioo acha sentimita 5. Angalia pia maji yanapovuka kioo cha mwisho: yakianguka kutoka juu yanatengeneza viputo vipya, na kazi yote inakuwa bure.

Usinakili sampu ya sato wa maji baridi. Humo viputo huungana, vikawa vikubwa na kupanda upesi. Chumvi huvizuia kuungana, ndiyo maana vyako ni vidogo kama vumbi. Hivyo vidogo kabisa vishike kwa soksi ya kuchuja ya mikroni 200 kwenye ncha ya bomba. Ifue kila siku 3 au 4 bila sabuni. Ikiziba, maji yanafurika juu yake na viputo vyote.

Swali (Njombe): Nikiongeza maji viputo vinaisha. Baada ya siku tatu vinarudi.

Jibu: Maji yanapungua kwa mvuke, hasa miezi ya kiangazi hewa ikiwa kavu na hita inafanya kazi muda wote. Upungufu unaonekana kwenye chumba cha pampu, kisha pampu inavuta hewa. Chora mstari sentimita 8 juu ya mdomo wake, na uongeze maji yasiyo na chumvi kila siku. Chumvi yenyewe haiondoki na mvuke. Ikiwa maji yapo ya kutosha na viputo bado vinatoka, kagua maungio ya upande wa kuvutia. Hapo usichelewe: hewa inayosukumwa na pampu huyeyuka kupita kiasi, na samaki huota viputo kwenye mapezi na macho.

Swali (Tukuyu): Skima mpya (kifaa cha kuondoa uchafu majini kwa povu) inatema viputo vingi.

Jibu: Iache wiki moja au mbili, mabaki ya kiwandani yaishe. Hakikisha imesimama kwenye kina kilichoandikwa kwenye maelekezo yake, na bomba lake la kutolea lisielekee kwenye pampu ya kurudisha.