Miwa, karo na foleni ya getini: jibu kwa kijana wa Luuka

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini Busoga yetu, mashariki mwa Uganda, yenye mabwawa na viwanda imejaa vijana wasio na kazi, na kama wewe uliyemaliza Senior Four (kidato cha nne) uje mjini Jinja kutafuta kazi kiwandani, maana mzee ameamua shamba lote liwe miwa. Nimekulia Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, nami ni fundi umeme wa mitambo. Nakujibu kwa niliyoyaona.

Bwawa la umeme la Owen Falls hapa Jinja, ambalo leo linaitwa Nalubaale, lilifunguliwa 1954. Umeme ukavuta viwanda, viwanda vikavuta watu: Wasoga, Wasamia, Waacholi, Wajaluo wa Kenya. Ndiyo maana Walukuba tulicheza na kugombana kwa Kiswahili. Enzi hizo mtu aliingia kiwandani akiwa kijana, akapata nyumba, akasomesha watoto. Kisha Wahindi wakafukuzwa mwaka 1972, vipuri vikaadimika, vita vikafuata. Viwanda vingi vimerudi. Ajira ya namna ile haijarudi.

Siku hizi kazi nyingi ni kibarua. Alfajiri watu wanajazana getini, msimamizi anachagua wenye nguvu, wengine wanarudi nyumbani kwa miguu. Wengi wanaajiriwa kupitia wakala, naye anakata chake kabla hujagusa pesa. Sheria nayo haikusaidii: kima cha chini cha mshahara bado ni kile cha 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, ambazo leo hazitoshi kilo mbili za sukari tunayoitengeneza wenyewe. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha, Rais hakuutia saini. Hili linaniuma kila ninapoona vijana wakitoka zamu ya usiku.

Lakini shida haianzii getini, inaanzia shambani kwenu. Muwa unakomaa kwa takriban mwaka mmoja na nusu, na shule inadai pesa mara tatu kwa mwaka. Hapo katikati mzee atafanya nini? Anauza miwa ikiwa bado michanga kwa mfanyabiashara anayempa bei ya chini, au anakodisha ardhi kwa misimu kadhaa na pesa inakwisha kabla ya mavuno ya kwanza. Elimu ya msingi ya bure ilianza 1997, ni kweli, ila sare, daftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi. Mtoto anayefukuzwa leo kwa kukosa vitu hivyo, kesho yuko kwenye miwa akikata au akipakia lori, analipwa papo hapo, na shule inaanza kuonekana kama kupoteza muda. Shule zilipofungwa kwa ajili ya korona kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, niliwaona wengi wakienda huko, na baadhi hawakurudi darasani tena. Hao ndio wanaojaza foleni ya kibarua. Hawana cheti wala ufundi, na kila mwaka wanaongezeka: sensa ya 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 Uganda nzima, na takriban nusu yao ni watoto.

Kwa hiyo mwombe mzee, kwa heshima na ikiwezekana mbele ya mjomba wako, asitie shamba lote miwa. Abakize sehemu ya viazi vitamu, maharage na mahindi, na kahawa kama ardhi inaruhusu. Nyumba inayonunua kila chakula sokoni haiwezi kusubiri bei nzuri ya miwa.

Wewe njoo Jinja, ila uje kusomea ufundi. Umeme wa mitambo, uchomeleaji, kufunga na kurekebisha mashine: kiwanda kinaweza kubadilisha vibarua kila wiki, lakini mashine ikisimama usiku wa manane anatafutwa fundi kwa jina. Uliza kwanza kama chuo kimesajiliwa na kama kinapeleka wanafunzi viwandani kwa mazoezi, maana vipo vinavyofundisha kuchomelea ubaoni tu.

Niandikie ulipata alama gani za fizikia na hesabu, shamba lenu ni ekari ngapi, na kama mzee ameshatia saini mkataba wowote. Kama bado, asisaini kabla hatujausoma pamoja.